Barafu Ikiyeyuka, Usikimbilie Kilindini

Juzi msomaji mmoja aliyehamia Duluth, mji wa jimbo la Minnesota huku Marekani, aliniandikia: "Kaka, nimezoea kuvua mbuta Homa Bay, lakini huku nashinda ziwani hadi jioni na hakuna hata samaki wa kugusa chambo. Shida ni nini?" Swali lake limenikuta na furaha, maana Mei hii nimempata paiki (samaki mrefu wa maji baridi mwenye meno makali) wangu mkubwa kuliko wote, na nimempata kwenye maji yasiyofika kiunoni.

Tulikuwa Basswood Lake, kaskazini ya mji wa Ely, ndani ya Boundary Waters, pori la ekari zaidi ya milioni moja linalopakana na Kanada. Ziwa lile lina sifa zake. Paiki wa pauni 45 na aunsi 12 aliyevuliwa humo mwaka 1929 bado ndiye rekodi ya jimbo la Minnesota. Wenzangu, wenyeji waliokulia huko, walipiga kafi moja kwa moja hadi kilindini. Niliposema naelekea kwenye hori la upande wa kaskazini, mmoja wao akacheka mbele ya wote, akasema mtu wa Afrika atajuaje maji ya baridi. Neno lile bado linaniuma.

Nilijua ninachofanya. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, na hayo ndiyo yanayozama chini. Barafu ikishaondoka, upepo hulikoroga ziwa zima, baridi ya juu na ya chini ikawa moja. Kilindini hakuna joto lolote lililojificha. Lakini hori la futi tatu lenye tope jeusi hufyonza jua kutwa. Upande wa kaskazini ndio bora, kwa sababu jua la huku hupitia kusini, na msitu ulio nyuma hukinga upepo mkali wa kaskazini. Paiki hutaga humo humo, kwenye majani ya mwaka uliopita, mara tu barafu inapopasuka. Wakimaliza hubaki wakivizia samaki wadogo wanaofuata joto. Kwetu Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, maji ni ya vuguvugu mwaka mzima, hivyo mazoea ya kule hayakusaidii hapa mwezi wa Mei.

Asubuhi sikupata kitu. Saa tisa mchana jua lilikuwa limeshayapasha maji. Nikarusha chambo cha chuma cha umbo la kijiko kando ya matete, nikakivuta polepole, nikakiacha kizame kidogo. Mshipi ukakaza. Alinizungusha na mtumbwi wangu, akapita chini yake, akarudi matetini, mikono ikafa ganzi kwa baridi, lakini sikumwachia. Inchi 38! Wenzangu walirudi jioni mikono mitupu, na yule aliyecheka alinyamaza hadi tulipolala.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Duluth, nenda mchana. Usiamke alfajiri kwa kuwa nyumbani tuliamka alfajiri. Tafuta maji mafupi, meusi chini, yanayotazama kusini. Vuta polepole, kisha punguza tena, kwa kuwa samaki wa maji baridi hakimbilii chakula. Funga waya wa chuma mbele ya chambo, la sivyo meno ya paiki yatakata mshipi. Na vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia chambo viache dukani: loon, ndege wa majini wa huku, huvimeza, navyo humuua kwa sumu.

Wengi wameniuliza kwa nini nilimrudisha paiki yule majini. Katika ukanda ule wa kaskazini-mashariki ya Minnesota, paiki wa inchi 30 hadi 40 lazima aachiliwe, na mimi ningemwachilia hata bila sheria. Majike wakubwa ndio wenye mayai mengi. Sisi tuliotoka Ziwa Victoria tumeona kwa macho yetu ngege walivyoadimika, tunajua ziwa likichoka linakuwaje. Hatuna haki ya kuja ziwa la watu na kusema sheria hazituhusu. Ukitaka kitoweo, chukua wadogo, na ujifunze kutoa ile miiba yao yenye umbo la herufi Y kabla ya kuwapa watoto.

Jaketi la kuokolea maisha livae, usilikalie. Maji ya Mei hukata pumzi ukitumbukia, na dakika chache tu zinatosha vidole kushindwa kushika ukingo wa mtumbwi, hata kama ulijifunzia kuogelea Mbita.