Ukipata kazi Mogadishu, uliza kesi zinaamuliwa wapi

Al-Shabaab waliondoka Mogadishu tarehe 6 Agosti 2011. Kismayo iliwatoka 2012, Barawa 2014. Nilipokwenda huko kuwa karani wa mizigo wa kampuni ya ujenzi, nilionyeshwa ramani ambayo kila mji mkubwa ulikuwa na rangi ya serikali, nami nikaiamini. Ndugu yangu unayejiandaa kwenda, ramani hiyo isikutulize.

Mimi nilizinduliwa na dereva. Alipeleka saruji Baidoa, akarudi na hesabu ya njiani. Kwenye vizuizi vya askari na wanamgambo wa koo alitozwa kila aliposimama, na hakuna aliyempa hata kipande cha karatasi. Al-Shabaab walimtoza mara moja tu, wakamwandikia risiti, na vizuizi vyao vyote vya mbele vikaiheshimu. Nilikaa na risiti ile mkononi muda mrefu. Watu walioshindwa vita hawatoi risiti.

Kisha kulikuwa na mama mmoja jirani yetu aliyeporwa kiwanja. Mahakama ya mjini ilimzungusha, kila tarehe ikawa na gharama yake. Mwisho akapanda gari akatoka nje ya mji, akapeleka kesi kwenye mahakama ya Al-Shabaab. Akashinda, na aliyempora akahama bila ubishi. Mama huyu alimpoteza kaka yake katika mlipuko wa 14 Oktoba 2017, ule ulioua watu zaidi ya 500. Aliwachukia kuliko ninavyoweza kueleza. Alikwenda kwao kwa sababu alitaka ardhi ya watoto wake.

Usije ukawasifu kwa hilo. Hukumu yao inatekelezwa upesi kwa sababu anayeikaidi anajua atauawa. Lakini majeshi ya Umoja wa Afrika yamekuwa Somalia yakipigana nao tangu 2007, na bado mtu wa mjini anafunga safari kufuata hukumu yao. Kwa maoni yangu, bunduki pekee haiwezi kuziba pengo linaloachwa na hakimu anayeuza haki.

Kwa hiyo, kabla hujatia saini mkataba, uliza kama mizigo inatoka nje ya mji, na nani anabeba gharama za njiani. Oktoba 2022 serikali ya Somalia ilitangaza kwamba mfanyabiashara atakayewalipa Al-Shabaab atanyang'anywa leseni, na kwa sheria ya Kenya ya kuzuia ugaidi kuwachangia fedha ni kosa la jinai. Mwajiri atakuambia uandike "gharama za usafiri" tu. Kataa. Mimi niliandika hivyo miezi mitatu kabla ya kuacha kazi, na mpaka leo nikikumbuka yule mama naona aibu.

Safari za mizigo usizitaje kwenye simu. Ukoo wa mtu usiuulize.

Na ukitaka kujua mji uko chini ya nani, usimuulize mwenyeji hivyo, maana atakujibu serikali. Muulize akigombania kiwanja na mtu atakwenda kushitaki wapi. Muulize mkiwa wawili tu, na akinyamaza, usimrudie.