Kwa mzee wangu walisema TB ya mgongo, kumbe ni amiloidi

Mkuu mleta uzi, pole na mama. Umesema yuko Mafinga, mgongo unamuuma miezi sasa, miguu inakufa ganzi, na majibu ya MRI yameandikwa "TB au uvimbe". Nimepita humo na mzee wangu, mkulima wa viazi Umalila.

Tulidhani ni mgongo wa jembe tu. Siku moja tunatoka shamba, nageuka naona ndala yake imenasa kwenye tope huko nyuma, yeye anaenda zake mguu peku, hana habari. Nilipomwonyesha alicheka. Mimi nilishindwa.

Wakasema TB ya mgongo. Siwalaumu sana, huku kwetu pingili ikilika mara nyingi ndiyo yenyewe. Ila alianzishiwa dawa bila kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha pale palipoharibika cha kupima maabara. Mkojo mwekundu wa dawa tuliuona, nafuu hatukuiona. Miezi miwili baadaye akawa hainuki bila kushikwa. Tukampeleka Dar, wakampasua, wakatoa donge lililokuwa limebana uti wa mgongo na kupeleka kipande maabara. Jibu likaja: amiloidi.

Daktari alitufafanulia kwamba ni protini iliyojikunja vibaya, ikashikana nyuzinyuzi na kujilundika mahali pamoja. Kwenye mgongo ni nadra mno, na kwenye picha inafanana na saratani au TB, ndiyo maana bila kinyama ni kubahatisha. Maabara hukitia rangi ya Kongo redi, wakikimulika kwa mwanga maalumu kinang'aa kijani kama tufaa bichi. Mzee akadakia, "La Njombe?"

Usingizi ulipotea baada ya hapo, maana donge kama hilo linaweza kuwa dalili ya mieloma, saratani ya uboho. Wakapima protini kwenye damu na mkojo, wakatoboa nyonga kuchukua uboho. Kote safi. Ilikuwa pale mgongoni tu, kwa hiyo dawa za saratani hakupewa, anarudi kliniki kuangaliwa.

Kwa mama, waulize wazi kinyama kitachukuliwa lini. Kama ameshaanza dawa za TB asiache kwa sababu yangu, huenda kwake ni TB kweli. Lakini mkojo ukiziba au miguu ikiishiwa nguvu, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyohiyo.

Mzee sasa anatembea na mkongojo. Ndala kazikataa kabisa, anavaa raba za kamba, na anazifunga mwenyewe.