Usilipie Ukuta Utakaouchonga: Bloki ya EJ20 Iliyonifunza

Juzi kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia. Amepata bloki mbili za Subaru, yaani miili ya injini yenye silinda, zote za jamii ya EJ20: moja ya EJ207 ambayo uso wake wa juu, pale hedi inapokaa, umezibwa nusu kuzunguka silinda, nyingine ya EJ205 yenye uso wazi, na ile ya kwanza bei yake ni karibu mara mbili. Anataka kuvalisha slivu, yaani mirija ya chuma inayokuwa ukuta mpya wa silinda, aongeze presha ya tabo, ile mashine inayosukuma hewa ndani ya injini. Achukue ipi? Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimerudi kwenye jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Injini yangu ya kwanza ya slivu ilikufa baada ya kilomita 1,100. Tulipoifungua, slivu zilikuwa nzima kabisa, hata mkwaruzo hazikuwa nao.

Bloki niliinunua Nairobi, kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Ilikuwa imeoshwa na kupigwa rangi ya fedha, na silinda zake zilikuwa laini kama kioo. Nikapitisha kidole ndani, nikaridhika, nikatoa pesa. Akiba ya miaka miwili ile, na mke wangu alijua kila shilingi ilitoka wapi. Sikumwomba muuzaji anifungulie nione ndani.

Mwenye Subaru anajua kwamba bloki ya EJ ni nusu mbili za alumini, na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala katikati yake. Kiwandani, nyumba za beringi za kranki, yaani matundu ambamo beringi zake hukaa, huchongwa nusu hizo zikiwa zimefungwa pamoja. Kwa hiyo kila nusu ina mwenzake mmoja tu duniani. Zangu zilikuwa zimetoka kwenye injini mbili tofauti, zikabanwa bolti na kupakwa rangi moja. Mimi nikazivalisha slivu za bei, pistoni mpya, gasketi mpya, kila kitu kipya.

Nilikuwa napanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru jioni moja niliposikia mgongano mzito chini ya miguu, kisha taa ya oili ikawaka. Beringi ya kranki imezunguka ndani ya nyumba yake. Nilikaa kando ya barabara mpaka giza likaingia, Bonde la Ufa lote liko mbele yangu na silioni.

Mzee mmoja wa mashine, Eneo la Viwanda, ndiye aliyenipa jibu. Alizifunga zile nusu bila kranki, akaingiza kipimo cha boa, yaani cha upana wa tundu, kwenye nyumba moja moja, akanionyesha sindano ilivyokuwa inacheza. Akaniambia, "Kijana, ulinunua ukuta wa silinda, halafu ukawalipa watu wauchonge."

Basi kijana wa Nakuru, sikia. Silinda za EJ205 zimesimama ndani ya maji, juu hazijashikwa na kitu. Ukizidisha presha ya tabo zinatikisika, na gasketi ya hedi, kile kifuniko cha silinda, inaungua. Ubora wa ile EJ207 ni kwamba silinda zake zimeshikiliwa kiasi pale juu. Lakini slivu ya chuma yenye kola pana, yaani ukingo wa juu, inafanya kazi hiyohiyo: kola ndiyo inayoziba ule uwazi. Fundi akianza kuchonga, sehemu kubwa ya ulichokilipia ghali itaanguka sakafuni kama vumbi la alumini. Injini zote mbili zina boa ya milimita 92 na mwendo wa pistoni wa 75. Pesa ya ziada unampa nani?

Ilipie mifupa. Nusu ziwe ndugu wa tumbo moja, nyumba zote 5 za beringi ziwe duara kamili, nyuzi za bolti za hedi ziwe hai. Njia za maji nazo uzimulike kwa tochi, maana magari mengi huku yametembezwa kwa maji ya bomba, na alumini inaliwa taratibu bila mtu kujua. Ukuta uliokwaruzwa usikutishe hata kidogo, unakwenda kuchongwa.

Halafu kuna hawa wanaokimbilia EJ25 kwa sababu ya lita zake 2.5. Katikati ya silinda moja na jirani yake, kwenye EJ zote, ni milimita 113. Boa ya EJ25 ni 99.5, hivyo kati ya silinda mbili zinabaki milimita 13.5. Kwenye EJ20 zinabaki 21. Mimi slivu yangu naitaka pale penye nyama. Kama unatafuta ukubwa, kranki yenye mwendo wa milimita 79 ndani ya boa ya 92 inakupa karibu lita 2.1. Angalia tu beringi ya msukumo, ile inayozuia kranki isisogee mbele na nyuma: bloki za zamani inakaa namba 3, za baadaye namba 5, na kranki lazima ifuate bloki.

Injini yangu ya sasa ni EJ205 ambayo hakuna aliyeitaka, silinda namba 3 ilikuwa imekwaruzwa vibaya. Mzee alipima kwanza, akachonga, akavalisha slivu, akasawazisha uso upya, kisha akaing'arisha boa huku bamba zito la chuma likiwa limefungwa mahali pa hedi, ili silinda zikae kama zitakavyokaa injini ikiwa kamili. Mwezi uliopita imefika kilomita 23,000. Nimepanda nayo njia ileile ya Mai Mahiu, nimebeba familia, na sindano ya oili haikutikisika.

Chukua EJ205, ndugu yangu. Lakini mwambie muuzaji aifungue mbele yako, na unitumie picha za nyumba zote 5 kabla hujatoa hata shilingi.