Namba zile zile, kompyuta ikasema hazilingani

Programu ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa niliiandika mwenyewe kwa lugha ya C. Inagawa faida kwa idadi ya hisa, inahifadhi jibu, baadaye inapiga hesabu ile ile upya ili kuhakiki. Kwangu ilikwenda vizuri. Kwa mweka hazina, mwenye kompyuta kuukuu ya biti 32, kila mara: "Hailingani." Nikaongeza mstari wa kuchapa namba zote mbili nione tofauti. Kosa likatoweka! Nikaufuta, likarudi. Nilikaribia kutafuta mganga.

Mchawi alikuwa rejista, yaani kijisehemu ndani ya chipu kinachoshika namba wakati wa hesabu. Chipu ya hesabu ya Intel 8087, iliyotoka mwaka 1980, ilikuja na rejista nane za aina ambayo kompyuta ya mweka hazina ilikuwa bado inaitumia, kila moja ya biti 80: moja ya alama ya chanya au hasi, 15 za kipeo, 64 za tarakimu zenyewe. `double` ya kawaida, aina ya namba zenye nukta katika C, ina biti 64, na kati ya hizo usahihi wake ni biti 53. Kwa hiyo jibu likiwa bado ndani ya rejista lina mkia wa tarakimu za ziada. Likihamia kwenye kumbukumbu, mkia unakatwa. Mimi nilikuwa nalinganisha lenye mkia na lililokatwa. Ule mstari wa kuchapa uliyapeleka yote mawili kwenye kumbukumbu, yakatoka sawa.

William Kahan, mtaalamu wa hesabu aliyewashauri Intel, alitaka biti hizo za akiba ili hesabu ndefu isipoteze usahihi njiani. Simlaumu hata kidogo.

Ukikutwa na haya kwenye mashine ya zamani yenye SSE2 (amri mpya zaidi za chipu, zinazohesabu `double` kwa biti 64 tu), iambie GCC, kompaila ya kugeuza C kuwa programu, `-msse2 -mfpmath=sse`. Kwenye Linux ya biti 64 hiyo ndiyo kawaida, ndiyo maana kwangu kulikuwa kimya. Tena usihifadhi `long double`, kaka mkubwa wa `double`, ikiwa ghafi kwenye faili la kuhamishia kompyuta nyingine: Linux ya biti 64 kwenye chipu za Intel huipa biti 80 ndani ya baiti 16, kompaila ya Microsoft huipa biti 64 tu.

Na fedha? Achana na namba zenye nukta. Hata biti 80 haziwezi kuandika 0.1 kamili. Mimi sasa nahesabu kwa senti, namba nzima, na kinachobaki baada ya kugawa kinaingia mfuko wa chai. Mkutano ulipitisha bila kupinga.