Mkuu, usiunganishe Asheville na Outer Banks kwa siku tano

Futa hiyo ratiba kabla hujalipia chochote. Umesema mnatoka Dar, wewe, mama watoto na watoto wawili, mnafikia kwa kaka yako Raleigh mwezi wa saba, siku tano, halafu unataka milima ya Asheville, magharibi, na bahari ya visiwa vya Outer Banks, mashariki, vyote "kwa sababu North Carolina ni jimbo moja" la Marekani, na ukauliza gari, chakula na hoteli. Hilo neno "jimbo moja" ndilo lililonimaliza. Na mimi nililishwa hilo na shemeji yangu wa Charlotte, humo humo jimboni, nikapanga safari kama yako, kumbe miaka yote ya kubeba boksi hajawahi kuvuka Raleigh kwenda mashariki! Bado tunasalimiana, ila kwa simu tu.

Asheville hadi Nags Head, mji wa Outer Banks, ni kama kilomita 700. Dar hadi Arusha haifiki hapo. Sasa wewe umeandika "asubuhi Ocracoke, usiku Asheville". Aisee.

Sikiliza. Ocracoke ni kisiwa cha Outer Banks, haina daraja. Kutoka Nags Head unashuka barabara namba 12, njia mbili tu, bahari kushoto, maji ya ghuba kulia. Dhoruba ikipiga, mchanga na maji vinaifunika na inafungwa. Ukifika Hatteras ndipo unapanga foleni ya pantoni. Ni ya bure, hakuna kuweka nafasi, anayewahi ndiye anayepanda, na kuvuka ni kama saa nzima. Kiangazi, foleni yake inakufanya uikumbuke Kigamboni kwa mapenzi. Sisi kwenda tulipita vizuri. Kurudi, magari yamezimwa, wenzetu wametoa viti vya kukunja na maboksi ya barafu, wanakula matikiti. Sisi tuna pakiti moja ya biskuti, nayo imeisha. Hapo hapo simu inalia, ujumbe kutoka hoteli ya Asheville: chumba chenu kiko tayari, karibuni sana.

Nilikuwa nimelipia usiku wote kabisa, bei ya "hairudishwi", maana shemeji alisema ni nafuu. Nafuu kwa nani? Tukalala moteli Hatteras kwa bei ya Julai, kwa hiyo usiku ule nililipia vitanda pande mbili za jimbo. Asheville tulifika tumechakaa, tiketi za Biltmore za siku ile zimeisha. Hilo jumba la tajiri Vanderbilt la vyumba 250 nimeliona kwenye kadi ya posta, ni zuri sana.

Chagua upande mmoja. Bahari au milima, basi.

Ukichagua bahari, lala huko huko. Kill Devil Hills ndipo ndugu wa Wright walipoirusha ndege yao tarehe 17 Desemba 1903. Mnara wa taa wa Cape Hatteras ulihamishwa mzima mzima mwaka 1999, karibu mita 880, kwa sababu bahari ilikuwa inaufuata. Watoto wasiingie majini bila kuangalia bendera, mikondo ya pale inavuta mtu.

Ukichagua milima, Blue Ridge Parkway, ile barabara ya juu milimani, mwendo ni maili 45 kwa saa mwisho, usipige hesabu za barabara kuu. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliiharibu vibaya, angalia vipande vilivyo wazi kabla ya kutoka. Mount Mitchell ni mita 2,037, sisi wa Kilimanjaro tunacheka kidogo, ila mashariki ya mto Mississippi hakuna mlima mrefu zaidi.

Siku ya kupumzika, kaka yako awapeleke Greensboro, saa moja na ushee tu. Lile duka la Woolworth lenye kaunta ya chakula iliyokuwa haihudumii weusi, ambayo wanafunzi wanne weusi waliikalia tarehe 1 Februari 1960 wakakataa kuondoka, sasa ni makumbusho.

Mengine uliyouliza wadau watakujibu. Nyumba nyingi za kupanga Outer Banks zinabadilisha wageni Jumamosi, barabara zinajaa kuanzia asubuhi. Tupia hapa tarehe zenu kwanza. Na kama umeshabonyeza "lipa" huko Asheville, wapigie leo leo.