Barua kwa mwanangu aliyenunua gari

Magongo, Mombasa
Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullah. Huku hatujambo, alhamdulillah. Nyanyako mguu umepoa, na mamako ile picha ya gari ameshaionyesha mtaa mzima.

Swali lako la juzi sikulijibu kwa simu kwa sababu si swali la kujibiwa huku nyundo zikilia. Uliniuliza: "Baba, wewe umenyoosha magari ya watu tangu sijazaliwa. Ajali gani huletwa sana gerejini, na mimi nifanyeje zisinikute?" Kisha ukaniambia kwamba kuanzia mwezi ujao utakuwa unaendesha mwenyewe kutoka Kilifi kuja nyumbani kila Ijumaa jioni. Hiyo Ijumaa jioni ndiyo imeniweka macho.

Fundi wa bodi, mwanangu, hahitaji kusimuliwa. Gari likishushwa tu kwenye brekidauni nalisoma. Bampa la mbele limeingia, boneti imesimama kama paa la banda, rejeta inavuja: huyu kamgonga mwenzake kwa nyuma. Buti limebonyea hadi kiti cha nyuma: huyu ndiye aliyegongwa. Milango ya kushoto ina mkwaruzo mrefu uliolala: huyo ni tuktuk au bodaboda iliyojipenyeza. Paa limelala: limepinduka. Na lipo lile ambalo pembe ya mbele upande wa dereva imekatika, usukani umesogea hadi kwenye kiti. Hilo mimi huwa siulizi habari za mwenyewe. Nangoja niambiwe.

Yanayokuja kwa wingi ni ya kugonga nyuma. Makupa, Buxton, kushuka daraja la Nyali, Changamwe saa za malori kutoka bandarini, ni hayo hayo kila siku. Na kila dereva ananiambia neno moja: "Yule mbele alifunga breki ghafla." Mimi namwamini, maana mjini kila mtu hufunga breki ghafla. Matatu ikiona abiria, inasimama. Mkokoteni ukitokea Kongowea, kila mtu anasimama. Tatizo halikuwa breki ya yule wa mbele. Tatizo ni kwamba huyu wa nyuma hakuwa amejiachia nafasi. Hili la nafasi ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, na utaliona likirudi kila mahali katika barua hii.

Tufanye hesabu kidogo, wewe ni mwalimu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde moja linakula karibu mita 14. Likienda 100, linakula karibu mita 28. Sasa mtu akiona taa nyekundu mbele yake, mpaka mguu utoke kwenye mafuta ufike kwenye breki, sekunde moja imekwisha, na kwa wengi inazidi. Yaani umeshakwenda urefu wa nyumba yetu na uwanja wake na breki hujaigusa. Baada ya hapo ndipo breki inaanza kazi, na mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Watu hawalijui hili. Wanadhani 100 ni 50 na kidogo zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua mlingoti au kibao kando ya barabara. Gari la mbele likikipita, anza kuhesabu: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukifika kwenye kibao hujamaliza, uko karibu mno, legeza mafuta. Mvua ikinyesha hesabu mara mbili. Utaniambia, baba, Mombasa nikiacha nafasi hiyo matatu itaingia. Ndiyo, itaingia. Muache aingie, rudi nyuma kidogo, ifungue tena. Akiingia mbele yako mara kumi, utachelewa dakika chache. Mimi gari kama lako likimgonga mwenzake nyuma nakaa nalo wiki mbili, na hapo ni bati tu, sijataja shingo ya mtu.

Simu iingie humu humu, kwa sababu mengi ya kugonga nyuma siku hizi ni simu. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko karibu mara nne zaidi katika hatari ya kupata ajali, na kuiweka sikioni kwa waya hakupunguzi sana, kwani kinachotekwa ni akili, siyo mkono. Tia simu kwenye mkoba, mkoba kiti cha nyuma. Mimi na mamako tukikupigia Ijumaa jioni usipopokea tutajua uko njiani, na tutashukuru.

Za ubavuni nitazipitia haraka. Tuktuk na boda hupita kushoto kwako wakati wowote, kwa hiyo kabla hujakata kushoto, washa indiketa mapema, angalia kioo, kisha geuza shingo uangalie kwa macho, maana kioo kina mahali pasipoonyesha. Ukiegesha, fungua mlango wako kwa mkono wa kushoto, siyo wa kulia ulio karibu na kitasa. Mkono wa kushoto unakulazimisha ugeuke, na ukigeuka utamwona anayekuja. Mlango uliofunguliwa bila kuangalia umeshaangusha vijana wengi wa boda hapa mjini. Na trela: dereva wake akiwa juu kule haoni chini ya pua yake, haoni nyuma, na upande wake wa kushoto anaona kidogo sana. Akitaka kukata kushoto huanza kwa kujipanua kulia. Usione pengo ukajipenyeza. Magurudumu ya nyuma ya trela hukata kona kwa ndani, na yatapita hapo hapo uliposimama wewe.

Sasa nije kwenye lile gari ambalo huwa siulizi mwenyewe yuko wapi.

Mwaka 1998, mamako akiwa na mimba yako ya miezi minne, mimi na ami yako mkubwa tulikwenda Voi mazikoni na pikapu ya kuazima. Tuliondoka baada ya swala ya isha. Tulipopita Mackinnon Road tukakuta trela mbele, na kati yetu na trela kuna gari dogo. Gari dogo likatoka kuovateki. Nami nikatoka nyuma yake, nikashika mkia wake. Sikuona kitu mbele, nilichoona ni taa zake nyekundu tu, na nikajiambia yeye ameshaangalia. Kumbe aliangalia kwa ajili yake peke yake. Alimaliza, akarudi kushoto, na pale alipokuwa pakabaki taa mbili nyeupe zinakuja. Kushoto kwangu ni magurudumu ya trela, yanazunguka usawa wa bega la ami yako. Yule dereva wa trela, Mungu amlipe popote alipo, alikanyaga breki. Nilisikia upepo wa breki zake ukitoka, pshaa, nikaona pengo, nikaingia. Lori lililokuwa linakuja liling'oa kioo changu cha kulia. Kioo tu. Tulisimama mbele kidogo, ami yako akashuka, akakaa chini kwenye mchanga, na mpaka Voi hakusema neno.

Hadithi hii mamako naye ataisoma leo kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo sikiliza. Usiovateki kwa macho ya mtu mwingine, hata siku moja. Kaa nyuma ya lori mbali, siyo kwenye bampa lake. Ukiwa karibu unaona turubai tu, ukiwa mbali unaona barabara. Madereva wa malori hukupigia indiketa kukuambia pita au usipite. Wengi wana nia njema, lakini indiketa hiyo si ahadi, na pengine yeye anataka kukata kulia kweli. Hesabu tena: trela linakwenda 60, wewe unakwenda 80. Kulipita na kurudi mahali pako kwa usalama kunataka sekunde kumi na zaidi, na ndani ya muda huo wewe umekula zaidi ya mita 200, na anayekuja naye amekula zake. Inatakiwa karibu nusu kilomita ya barabara tupu unayoiona mwenyewe. Kama huioni, haipo. Kwenye kona, mlimani, darajani na penye mstari usiokatika, baki nyuma. Pale Vipingo kwenye mashamba ya mkonge barabara inanyooka mpaka mtu anaona kama anaitwa aongeze mwendo, na ndipo wanapokutana uso kwa uso. Na mtu akikuovateki vibaya, usishindane naye. Punguza, mpe pengo arudi, kama nilivyopewa mimi.

Ijumaa jioni itakuwa giza kabla hujafika Mtwapa ukichelewa kutoka. Taa zako za chini zinamulika kama mita 40 au 50. Ukienda 80, huwezi kusimama ndani ya hizo mita. Sasa fikiria lori bovu limesimama barabarani bila taa, limewekewa matawi ya mti tu nyuma. Ndiyo maana ukiona matawi yametupwa lami, hata kama huoni kitu kingine, punguza papo hapo. Na wewe ukiharibikiwa, toa gari nje ya lami kabisa, washa taa za hatari, nenda ukaweke pembetatu nyuma mbali, hatua nyingi kuliko unavyoona zinatosha, kisha usikae ndani ya gari. Majengo na Mtwapa kuna watu wanavuka gizani, wengine na watoto. Hapo ni 50, na ikiwa msongamano, chini ya hapo. Usingizi ukikujia, usifungue dirisha ukadhani umepona. Simama kwenye kituo cha mafuta penye mwanga, funga milango, lala robo saa.

Masika ikianza, mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kwani inachanganyika na mafuta na vumbi vilivyolala lami tangu kiangazi, barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, magurudumu yanaelea juu ya maji: toa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani ulivyo, usikanyage breki kwa nguvu. Maji ambayo huoni chini yake, usiyaingie.

Mwezi uliopita niliwekewa gari hapa ambalo halikuumia sana. Bampa, taa moja, madigadi ya kulia. Kazi ya siku tatu. Nilipofungua mlango wa abiria nikaona kioo cha mbele kimepasuka kwa ndani, mviringo kama utando wa buibui, usawa wa paji la uso, na katikati ya nyufa kumenasa nywele ndefu nyeusi, uzi mmoja wa bluu wa mtandio. Mkanda wa kiti kile ulikuwa umekunjwa vizuri mahali pake, una vumbi. Nilizitoa nywele zile mmoja mmoja, na uzi ule nao, kwa sababu sikutaka mwenye gari avikute. Walikuwa ndani ya mji, mwendo mdogo. Shirika hilo hilo la afya linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa waliomo garini hadi nusu. Hapa Kenya tulianza kubanwa kwa mikanda kwenye matatu mwaka 2004, enzi za waziri Michuki, na watu walilalamika sana. Mimi sikulalamika. Gari lako lisitembee mpaka kila aliyemo amefunga, na walioketi nyuma pia, maana wa nyuma asiyefunga humrukia wa mbele. Nyanyako atakuambia unamkaba. Mfunge hivyo hivyo.

La mwisho ni matairi, na hapa nina wasiwasi kwa sababu gari umenunua la mkono wa pili. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na likawa limezeeka. Ubavuni mwake tafuta herufi DOT, ufuate mpaka mwisho wake kwenye tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 1417 ni wiki ya 14 ya mwaka 2017. Pengine tarakimu ziko upande wa ndani, itabidi uiname. Tairi kuukuu kwa jua letu hili na lami yetu hii hupasuka bila kubisha hodi. Likipasuka, shika usukani kwa mikono miwili, usifunge breki, liache lipunguze lenyewe ndipo utoke kando. Upepo upime asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa baridi. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi pale kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Usilisubiri hili mpaka Ijumaa. Kabla hujalala leo, shuka na tochi ya simu unisomee tarakimu za matairi yote manne na la spea. Sijalala, nangoja.

Babako