Mtoto Akiharisha: Anza na Maji, Usianze na Vidonge vya Kufunga Tumbo

Mtoto anayeharisha huzidiwa kwa sababu maji na chumvi za mwilini zinatoka haraka kuliko zinavyoingia. Anza kuzirudisha tangu choo chepesi cha kwanza, kabla hajalegea. Na tafadhali usiseme ni meno: anayeota meno akiharisha, naye anapoteza maji vilevile.

Pakiti nyingi za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, huchanganywa na lita moja ya maji, yaani chupa mbili za nusu lita. Zipo pia za nusu lita, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kukata. Chemsha maji, yaache yapoe, mimina unga wote, koroga mpaka uyeyuke. Kosa kubwa ni kuugawa: robo ya pakiti kwa kukisia kwenye kikombe, nyingine inafungwa ya kesho. Maji yakiwa machache chumvi inazidi, na hiyo ni hatari. Yakizidi, dawa haina nguvu. Usiitie sukari wala kuichanganya na soda au juisi. Sukari nyingi huvuta maji yaingie kwenye utumbo, na kuharisha kunaongezeka. Ikifika saa 24, mwaga iliyobaki utengeneze nyingine.

Usiku umeingia na duka limefungwa? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, kisiwe na mlima. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, chumvi nyingine ya mwili iliyomo kwenye pakiti, basi asubuhi katafute pakiti.

Kila baada ya choo, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mkubwa zaidi anywe kadiri anavyotaka. Wazazi wengi hukata tamaa hapa: mtoto anakunywa kikombe kwa pupa, anatapika, wanasema dawa imemkataa. Haijamkataa, imeingia kwa kasi. Subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika mbili. Ni mililita 5 tu, lakini kwa saa moja zimefika 150.

Zinki, madini ya vidonge yanayotolewa pamoja na ORS, ndiyo inayoachwa njiani. Mtoto wa miezi sita na kuendelea hupewa miligramu 20 kwa siku, wa chini ya hapo 10, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Siku ya tatu choo kinakuwa kizuri na vidonge vinasahaulika kabatini. Mpe mpaka viishe: zinki hupunguza pia uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata.

Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Anayekula apewe uji, ndizi, wali laini, mtindi, kumnyima chakula kunamdhoofisha. Loperamide, kidonge cha kufunga tumbo, si ya watoto wadogo, na metronidazole, dawa ya bakteria na vimelea, haiui virusi, ambavyo ndivyo chanzo cha kawaida kwa wachanga. Chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, inatolewa Tanzania tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10. Angalia kadi ya kliniki.

Kijana wa sekondari huona haya kusema. Muulize waziwazi ameenda chooni mara ngapi na choo kikoje. Kama ni maji matupu meupe mfano wa maji ya mchele, mwahishe kituo cha afya huku akinywa ORS njiani; kipindupindu hakisubiri kesho.

Kwa mtoto mdogo, finya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, kisha achia. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, nenda hospitali. Nenda pia akiwa na macho yaliyozama, damu kwenye choo, degedege, usingizi usio wa kawaida, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu.